Picha na Pembe: Juu ya Uzuri wa Kadi za Kale za Besiboli

Mwezi wa Agosti 2022 kadi mbili za karatasi ziliuzwa huko Marekani kwa bei ambayo ingetosha kununulia majumba. Moja ni kadi ya Honus Wagner, mchezaji wa Pittsburgh, iliyochapwa baina ya 1909 na 1911 na kutiwa ndani ya pakiti ya sigara. Ilitoka kwa dola milioni 7.25. Nyengine ni ya Mickey Mantle wa New York Yankees, ya mwaka 1952, iliyotolewa na kampuni ya chingamu; ilifika dola milioni 12.6. Magazeti yalihesabu sifuri, kama ilivyo ada yao. Wachache waliliangalia jambo jengine. Kadi ya Wagner ilikuwa imechakaa, na wapimaji wa kitaalamu waliipa daraja la 2 katika ngazi yenye madaraja 10. Ile ya Mantle ilipewa 9.5. Soko moja, katika mwezi mmoja, lilikienzi kitu kilichochoka na kitu ambacho ni kama hakijaguswa na mkono wa mtu. Basi wapenzi wa kadi hizi wanapenda nini hasa: picha, au usafi wa karatasi iliyoibeba?

Msomaji asiyeujua mchezo wenyewe hatapungukiwa sana. Besiboli ni mpira mdogo unaorushwa na mtu mmoja na kukabiliwa na mwengine kwa gongo, na Wamarekani wameupenda kwa zaidi ya karne moja na nusu. Kinachohusika hapa ni vijipicha vya wachezaji vilivyotolewa bure pamoja na sigara, peremende na chingamu, ili mnunuzi arudi dukani. Vilikuwa chambo cha biashara, na wengi wa waliovichora hawakuweka sahihi. Hata hivyo baadhi yake ni kazi za sanaa za hali ya juu, na ni haki zihakikiwe kama kazi za sanaa.

Za mwanzo zenye jina kubwa ni zile za Old Judge, zilizotolewa na kampuni ya sigara ya Goodwin ya New York kuanzia 1886 hadi 1890. Ni picha za kamera, zenye rangi ya hudhurungi, na waliopigwa wamezidi wachezaji 500. Kamera za siku zile, ndani ya chumba cha studio, hazikuwa na wepesi wa kuunasa mpira ukiwa hewani. Kwa hivyo mchezaji alisimamishwa mbele ya pazia lililochorwa, na mpira ukatundikwa kwa uzi kutoka juu. Mpigaji ananyanyua gongo kuukabili mpira usiokwenda popote. Mdakaji ananyoosha mikono miwili kukipokea kitu ambacho kimeshafika. Katika kadi nyingi uzi unaonekana waziwazi. Hakuna aliyejisumbua kuuficha, na hapo ndipo ulipo utamu wake. Anayezikumbuka picha za studio za zamani za Mji Mkongwe, zenye pazia la bustani ambayo haikuwahi kuwepo, ataitambua mara moja heshima ile ya mtu aliyejipanga mbele ya kamera. Wanaume hawa wenye masharubu makubwa wanaigiza kazi yao wenyewe, na wanaiigiza kwa unyoofu kabisa.

Kilele cha sanaa hii, kwa rai ya wengi, ni mkusanyo unaojulikana kwa alama kavu ya T206. Ulitolewa na kampuni kubwa ya tumbaku ya American Tobacco Company baina ya 1909 na 1911, na una kadi zaidi ya 500. Kila kadi ni ndogo kiasi cha kufichika ndani ya kiganja: upana wake haufiki inchi moja na nusu, na urefu wake umezidi kidogo tu inchi mbili na nusu. Msingi wake ulikuwa picha ya kamera, lakini kilichochapwa si picha ya kamera. Wachoraji wa kampuni ya American Lithographic ya New York waliitumia kama kielelezo, kisha wakaijenga upya kwa lithografia ya rangi. Katika uchapaji huo kila rangi ina bamba lake, na karatasi hupita chini ya bamba moja baada ya jengine hadi sura itimie. Ikiteleza kidogo, mdomo huhama usoni na kola huachana na shingo. Na ziliteleza, si mara moja. Zimo kadi zilizokosa rangi nzima, kama zimo zilizokosewa majina: mchezaji Magee aliandikwa kwanza “Magie”, na kosa lile limekuwa na thamani kuliko usahihi.

Mathalani, ichukuliwe kadi ya Wagner yenyewe. Mtu anatazama mbele kidogo pembeni, nywele zimegawiwa katikati, ukosi wa shati umekoza rangi, na nyuma yake hakuna kiwanja wala watazamaji ila rangi ya chungwa iliyotulia. Picha ya asili ilipigwa na Carl Horner wa Boston. Mchoraji asiyejulikana jina akaondoa kila kisichohitajika. Chini, kwa herufi kubwa za hudhurungi, limeandikwa jina la mchezaji na mji wake, “Pittsburg” bila ya h ya mwisho, kwani hivyo ndivyo ulivyoandikwa rasmi kati ya 1891 na 1911. Kazi yake iliondolewa mapema katika uchapaji. Wapo wasemao Wagner hakupenda watoto wanunue sigara kwa ajili yake; wapo wasemao alitaka alipwe. Zilizobaki na kujulikana ni chache, kama sitini hivi au pungufu, na uchache huo umeipa kadi umaarufu ambao uzuri peke yake usingeweza kuipa. Lakini ukweli usemwe: katika mkusanyo huohuo kuna zinazoishinda. Ty Cobb ana kadi nne, na ile ya uso wake mbele ya rangi ya kijani ina ukimya ambao Wagner hana. Hal Chase amechapwa mara moja mbele ya buluu na mara moja mbele ya waridi, na tofauti ya rangi tu inamfanya aonekane watu wawili wenye tabia mbili. Kisha zile za mwili mzima, zenye mbingu za magharibi, manjano ikishuka kwenye wekundu wa machweo, na mrushaji mmoja amesimama peke yake kama mvuvi aliyebakia ufukweni baada ya wenziwe kuondoka.

Mtu wa pwani anayo tayari istilahi ya kuyaeleza haya, kwani kanga imemfundisha. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Kadi ya T206 nayo ina pindo jeupe lililozunguka pande zote nne, ina mji wa rangi ambamo mtu anakaa, na ina jina chini yake. Kama ilivyo kwa kanga, kila kimoja kinategemea chengine: pindo likiwa jembamba upande mmoja na pana upande wa pili, mji mzima huonekana umeinama. Tofauti ni kwamba jina la kanga husema neno, ilhali jina la kadi humtaja mtu. Ama upana wa pindo, hilo ndilo lililoleta balaa itakayoelezwa mbele.

Baina ya T206 na vita vya pili vya dunia kulikuwa na mengi, mengine mazuri na mengine ya kupita. Kadi za Cracker Jack za 1914 na 1915 ziliweka wachezaji mbele ya wekundu mkali. Zile za 1914 zilikaa ndani ya sanduku pamoja na bisi zilizopakwa sukari, zikapata madoa. Za mwaka uliofuata ziliweza kuagizwa kwa posta, na ndiyo maana aghalabu huonekana safi zaidi. Mwaka 1933 kampuni ya chingamu ya Goudey, ya Boston, ilitoa kadi 240, nne zikiwa za Babe Ruth, moja yenye manjano ambayo ni kama inapiga kelele. Zina uchangamfu, lakini mkono wa mchoraji ni mzito. Nyuso zimejazwa rangi badala ya kuchorwa. Zinazostahiki kuangaliwa tena ni Diamond Stars za 1934 hadi 1936, ambamo wachezaji wamewekwa mbele ya majengo na maumbo ya rangi bapa kwa mtindo wa mapambo wa zama zile. Ni mji wa viwanda uliootwa wakati viwanda vingi vimefungwa.

Kisha ikaja 1953, mwaka ambao kampuni mbili zilishindana kwa njia mbili zinazopingana. Bowman ya Philadelphia ilipiga picha halisi za rangi, ikazichapa bila ya kuandika jina wala sahihi wala alama yoyote upande wa mbele. Kadi ya Pee Wee Reese, akiwa ameruka juu huku mpinzani akiteleza vumbini chini yake, ingali mfano wa namna picha moja inavyoweza kukamata mwendo bila ya kuuua. Topps ya Brooklyn ilirudi kwa wachoraji: kadi zake za mwaka huo ni vijipicha vilivyochorwa kwa mkono, kila uso umefanyiwa kazi kama sura ya mtukufu, na uwanja umefifia nyuma yake. Ushindani wa kibiashara ulimalizika 1956, Topps ilipoinunua Bowman. Ule wa kisanaa haujaisha, na kama ni lazima kuamua, basi Bowman ndiye mshindi. Topps iliwachora watu wakuu; Bowman iliwaacha wachezaji wawe watu wa kawaida waliosimama juani. Lakini njia hiyo ilikuwa ghali, hata sehemu ya mwisho ya mkusanyo wa mwaka ule ilibidi ichapwe kwa nyeusi na nyeupe.

Ama kadi ya Mantle ya 1952, iliyofika dola milioni 12.6, ni nzuri, si nzuri kupindukia. Ilibuniwa katika mkusanyo wa kwanza mkubwa wa Topps, kadi 407, kazi ya Sy Berger na Woody Gelman, kwa picha za nyeusi na nyeupe zilizotiwa rangi kwa mkono. Gongo ni la manjano, mbingu ni ya buluu moja isiyo na wingu, na kijana anatazama juu kuelekea kitu ambacho mtazamaji haoni. Kuna raha ya ujana ndani yake. Lakini haikuadimika kwa sababu ya uzuri. Kadi za sehemu ya mwisho ya mkusanyo ule zilitolewa msimu ukielekea ukingoni na hazikununuliwa sana, na kwa maelezo ya Berger mwenyewe, masanduku ya zilizobaki yalitoswa katika bahari ya Atlantiki mwaka 1960.

Hata hivyo, mhakiki atakayesifu rangi tu atakuwa ameangalia nusu ya picha. Katika mamia ya nyuso za T206 hamna hata uso mmoja wa mtu mweusi. Ligi kubwa zilikuwa zimewafungia mlango tangu miaka ya 1880, na mlango haukufunguka mpaka 1947, alipoingia Jackie Robinson. Rangi zote zilitumika, chungwa na waridi na kijani, ila rangi ya watu. Waliotaka kuwaona wachezaji weusi wakubwa juu ya kadi katika miaka ya 1920 wangelazimika kutazama visiwani. Kadi za sigara za Billiken, zilizotolewa Cuba msimu wa 1923 na 1924, zinao Oscar Charleston na John Henry Lloyd, kwani Cuba iliwaacha wacheze pamoja na wengine. Ni picha ndogo zisizo na mbwembwe, na pengine ndizo zenye uzito kuliko zote. Josh Gibson, mpigaji aliyeogopwa na kila mrushaji, alifariki Januari 1947, miezi michache kabla ya Robinson kuingia. Kadi yake inayosakwa mno ni ya Puerto Rico, ya msimu wa 1950 na 1951, alipokuwa kaburini. Na kampuni za Marekani zilipoanza kuwachapa weusi, hazikuwa na mkono uliozoea. Kadi ya Robinson iliyotolewa na Leaf ya Chicago ina manjano kali na rangi zilizokosa kukutana vizuri. Bado ni kadi yenye nguvu, kwa sababu tabasamu lake linapita juu ya uchapaji mbovu. Satchel Paige, aliyeingia ligi kubwa akiwa na umri wa miaka 42, alichorwa na Topps 1953 kwa uso wa hekima na uchovu, mojawapo ya sura bora za mkusanyo, kisha jina lake likaandikwa kwa l moja ya ziada.

Kwa muda mrefu kadi hizi zilitumika kama vinavyotumika vitu vya watoto. Zilitiwa mifukoni, zikabandikwa ukutani, zikarushwa katika michezo ya kushindania, zikabanwa kwenye spoku za baiskeli ili gurudumu lilie. Soko lilipokua, wakusanyaji walitaka kipimo, na 1991 ikaanzishwa PSA, kampuni ya kupima madaraja, iliyofuatwa na nyengine. Kadi hupelekwa, hutazamwa pembe zake, kingo zake, uso wake, na ulinganifu wa pindo lake. Hupewa namba, kisha hufungiwa ndani ya kasha gumu la plastiki. Haja ya kipimo ilikuwa ya kweli, kwani udanganyifu ulikuwepo. Lakini kipimo chochote humfundisha mtu pa kutazama, na hiki kilimfundisha atazame pembeni. Mfano wake mzuri ni Topps ya 1971, yenye pindo jeusi. Wino mweusi hubanduka kwa kuguswa tu na weupe wa karatasi ukachungulia, kwa hivyo kadi zake safi ni adimu na ghali. Watu hulipa fedha nyingi kwa ajili ya pindo, na mara nyingi picha iliyomo ndani yake ni ya kawaida tu.

Mkasa uliofichua udhaifu huu ulihusu kadi ya kwanza kabisa kupimwa na kampuni hiyo. Ilikuwa Wagner nyengine, iliyonunuliwa mwaka 1991 kwa dola 451,000 na Wayne Gretzky, bingwa wa hoki ya barafu, pamoja na mshirika wake. Ilipewa daraja la 8, la ajabu kwa kadi ya umri ule. Pindo jeupe limenyooka, pembe ni kali. Mwaka 2007 iliuzwa kwa dola milioni 2.8. Kisha, 2013, mnadi Bill Mastro, aliyewahi kuimiliki katika miaka ya 1980, alikiri mahakamani kwamba aliikata kingo zake ili ionekane mpya. Ajabu ya kisa hiki ni kwamba uso wa Wagner haukuguswa. Chungwa ni lilelile, macho ni yaleyale, kazi ya yule mchoraji asiye na jina imebaki kamili. Uongo wote ulikuwa pembeni, mahali paleple ambapo jicho la kipimo lilijidai kuwa kali kuliko pengine popote.

Isidhaniwe kwamba wakusanyaji wote wamepofuka. Wapo wanaoonya kila siku kwamba kinachonunuliwa ni kadi, si kasha lake. Wapo wanaotafuta makusudi kadi za daraja la chini zenye rangi iliyohifadhika, wakiuita uzuri huo mvuto wa macho, na wanaosema kwamba mkunjo mmoja hauifuti sura ya mtu. Bei ya Wagner wa daraja la 2 inawaunga mkono kwa kiasi fulani, ingawa uadimu nao ulikuwa na sauti yake katika bei hiyo.

Aliyezitazama kadi hizi kwa muda mrefu kuliko wote, hata hivyo, hakuwa mtu wa soko. Jefferson Burdick, mfanyakazi wa kiwanda cha vifaa vya umeme huko Syracuse, ndiye aliyetunga orodha ambayo hadi leo wakusanyaji wanaitumia. Alama ya T206 ni yake, T ikiwa tumbaku ya karne ya ishirini. Hakuwa hata mshabiki wa besiboli. Alipenda vichapwa vidogo vya kila namna: kadi za maua, za ndege, za waigizaji, lebo, postikadi. Alikuwa mgonjwa wa viungo, na vidole vyake vilizidi kukakamaa kadiri miaka ilivyokwenda. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alikubaliana na A. Hyatt Mayor, msimamizi wa vichapwa katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa la Metropolitan, New York, kwamba mkusanyo wake wote uwekwe pale. Ulizidi vipande 300,000, na ndani yake kadi za besiboli zaidi ya 30,000, Wagner akiwemo. Ukaishi chini ya paa moja na michoro ya Dürer na Rembrandt.

Burdick alizipanga ndani ya majalada kwa mkono wake, na alizibandika kwa gundi. Kwa wapimaji wa madaraja hilo ni dhambi kubwa, kwani kadi iliyopakwa gundi imeharibika, na Wagner wake angepata namba ya kutia haya. Lakini kwa mpango ule kadi haisimami peke yake. Anayefungua jalada anaona Cobb wa kijani kando ya Cobb mwekundu, anaona mchoraji mmoja akijaribu mbingu tatu tofauti juu ya wachezaji watatu, anaona kazi nzima ya karakana moja ikipumua kurasa kwa kurasa, jambo lisilowezekana pale kila kadi inapokaa katika kasha lake ndani ya sefu ya mtu wake. Katika miaka yake ya mwisho alihamia New York ili awe karibu na majalada hayo, akawa anakwenda jumbani kubandika kila alipojaliwa nguvu. Januari 1963 aliibandika ya mwisho. Alifariki mwezi wa Machi mwaka huohuo.